Wizi wa Usiku Mmoja

Karibu kila hadithi niliyowahi kusoma kuhusu asili ya moto ni hadithi ya wizi. Mvua hushuka yenyewe, mbegu hutolewa bure, lakini moto una mwenyewe, na mwenyewe ni bahili. Watu wanakaa gizani mpaka atokee mjanja wa kwenda kuuchukua bila kuomba.

Wagiriki kazi hiyo walimpa Prometheus. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata mwaka 700 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba chanzo cha yote ni ugomvi wa nyama. Ng'ombe amechinjwa, miungu na binadamu wanagawana. Prometheus anaifunika mifupa mitupu kwa mafuta meupe yanayong'aa, na nyama nono anaisokomeza ndani ya tumbo la ng'ombe, kisha anamkaribisha Zeus, mfalme wa miungu, achague fungu lake. Zeus anachukua mafuta, anakutana na mifupa, na kwa hasira anawanyima binadamu moto. Hapo Prometheus anauiba na kuuficha ndani ya bua.

Mimi hapo penye bua ndipo ninapopapenda kuliko kote. Mmea wenyewe ni shamari kubwa inayoota katika nchi zinazoizunguka Mediterania. Ganda lake ni gumu, moyo wake ni mwororo na mkavu. Ukitia kaa ndani, moyo unafuka taratibu kutwa nzima na ganda haliungui, na watu wa huko walisafirisha moto kwa njia hiyo hasa. Kwa hiyo chini ya miungu yote ile kuna mtu wa kawaida aliyejua namna ya kutembea na kaa bila kuungua mkono, na mshairi akamwazima ujuzi wake.

Wizi mwingine ni wa kuchekesha zaidi. Kwa Wasani wa kusini mwa Afrika, moto ulikuwa umefichwa na mbuni chini ya bawa lake, na vunjajungu akamrubuni anyooshe shingo na kutanua mabawa ili afikie matunda ya juu kabisa mtini. Tangu siku hiyo mbuni ameyabana mabawa yake na haruki. Kwa Wacherokee wa Amerika Kaskazini, moto ulikuwa ndani ya mti wenye uvungu katika kisiwa. Kunguru alikwenda akarudi mweusi, bundi wakarudi na macho yaliyoharibiwa na moshi, nyoka nao wakaungua. Aliyefaulu ni buibui wa majini, mdogo kuliko wote, aliyesuka kibakuli kwa uzi wake mwenyewe na kubeba mgongoni kaa moja tu. Na kwa Wamaori wa New Zealand, Māui aliuzima moto wote wa kijiji makusudi, akaenda kwa bibi yake Mahuika ambaye moto ulikuwa kwenye kucha zake. Bibi akamng'olea ukucha mmoja, mjukuu akauzima akarudi kuomba mwingine, na mwingine tena, mpaka bibi akagundua kwamba anachezewa. Akautupa uliobaki, nchi ikawaka, na cheche za mwisho zikakimbilia ndani ya miti. Ndiyo maana ukisugua vijiti viwili moto unatoka: umo humo tangu zamani, umejificha.

Hadithi hizi nazipenda. Ila zina kasoro moja ambayo siku hizi inanikera: zinakatika mapema mno. Mwizi anafika nyumbani, watu wanashangilia, msimulizi anameza mate na kunyamaza. Nani aliamka alfajiri kuongeza kuni? Mvua ilipovuja, nani alilikinga kaa kwa mwili wake? Wizi ni kazi ya usiku mmoja. Kulea moto hakuna mwisho, na ninavyoona mimi, maana yote nzito ambayo fasihi na dini zimeupa moto imo katika malezi hayo kuliko katika ule wizi.

Historia yenyewe inaelekea huko. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, watafiti walichunguza tabaka la udongo lenye umri wa takriban miaka milioni moja, wakakuta chembe za majivu ya mimea na vipande vya mifupa iliyoungua, kiasi cha mita 30 kutoka mlangoni. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2012. Mita 30 ndani ya pango radi haifiki. Kuna kiumbe aliyeuingiza moto ule. Watafiti wengi wanaona kwamba ujuzi wa kuuwasha kwa mkono ulikuja baadaye sana, maana yake ni kwamba kwa vizazi visivyohesabika moto ulikuwa kitu cha kuokota pale radi ilipopiga, kisha kukitunza. Ukizimika, umezimika. Unasubiri radi nyingine, au unakwenda kwa majirani, na majirani wenyewe huenda si watu wa kuombeka. Nikiliwaza jambo hilo naelewa kwa nini kila taifa limekumbuka wizi.

Mwanafalsafa Mfaransa Gaston Bachelard aliandika kitabu kizima juu ya moto mwaka 1938, na ndani yake kuna jambo ambalo kila mzazi analijua bila kulisoma: mtoto huujua moto kwa kukatazwa kabla ya kuujua kwa kuungua. Mkono unaelekea kwenye mwali, mkono wa mkubwa unaupiga kofi. Basi kwa kila mmoja wetu moto ulianza kama mali ya wakubwa, na siku ya kwanza tuliyowasha kiberiti kwa siri tuliiba.

Tukirudi kwa walinzi. Roma ya kale ilikuwa na hekalu la Vesta, mungu wa kike wa meko, na ndani yake hakukuwa na sanamu ya kutazamwa. Kulikuwa na moto. Wasichana sita waliulinda. Walichaguliwa wakiwa na umri kati ya miaka 6 na 10, wakatumikia miaka 30: kumi ya kujifunza, kumi ya kuifanya kazi, kumi ya kuwafundisha wanaokuja nyuma. Moto ukizimika kwa uzembe, aliyekuwa zamu alichapwa viboko. Kila tarehe 1 Machi, mwaka mpya wa zamani wa Warumi, uliwashwa upya. Utaratibu huo ulidumu mpaka mwishoni mwa karne ya 4, wafalme walipokuwa Wakristo. Hebu utazame mgawanyo ule wa miaka. Theluthi moja ya utumishi inakwenda katika kumfundisha mwingine, kwa sababu walioupanga walijua hatari kubwa ya moto wa namna hii: upepo si kitu, balaa ni mlinzi kufa na ujuzi wake.

Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, wamekwenda mbali zaidi. Katika mji wa Yazd, Iran, kuna moto unaosemekana kuwaka tangu mwaka 470 hivi. Jengo unamokaa leo ni la mwaka 1934. Moto una umri mkubwa kuliko kuta zake kwa karne nyingi, kwa sababu ulihamishwa kutoka mahali hadi mahali huku ukiwaka. Wenzao waliokimbilia India wana wao, uliofikishwa Udvada, Gujarat, mwaka 1742. Makuhani hufunika mdomo kwa kitambaa cheupe wanapoukaribia ili pumzi yao isiuguse. Na moto wa daraja hiyo haupatikani kwa kuwasha kiberiti. Unakusanywa kutoka vyanzo 16, kimoja kimoja, na kutakaswa: moto wa mhunzi, wa mfinyanzi, wa sonara, wa mwoka mikate, wa tanuri la kuchomea maiti, na moto uliotokana na radi. Kazi zote za watu na kifo chao vimo ndani ya mwali mmoja, na radi imeongezwa juu yake. Sijui picha nyingine ya jamii inayozidi hiyo.

Kuna jambo la kimaumbile linaloeleza kwa nini moto unadai kulelewa. Mwali si kitu; ni tukio linaloendelea. Umeme ukikatika, washa mshumaa ukae nao badala ya kutafuta simu. Chini kabisa, penye utambi, kuna ukingo wa buluu. Juu yake kuna sehemu yenye giza kidogo inayouzunguka utambi, halafu ule umanjano mkali unaopanda hadi ncha. Umanjano huo ni masizi: chembe za kaboni zilizopata joto kiasi cha kung'aa, nyingi zikimalizika kuungua kabla hazijatoka nje. Sasa upulize mshumaa kwa upole. Uzi mweupe wa moshi unapanda kutoka kwenye utambi. Leta njiti inayowaka, uishikilie ndani ya moshi huo sentimita chache juu, bila kuugusa utambi. Moto unashuka wenyewe kwa kuufuata ule uzi, tap, mshumaa unawaka tena. Mwanasayansi Michael Faraday aliwaonyesha vijana mchezo huo London katika mihadhara yake ya Krismasi ya mwaka 1860, na kila nikiurudia nashangaa upya. Kumbe kinachoungua si nta wala utambi, ni mvuke wa nta. Kuni nazo ni hivyo hivyo: mwali unaouona unakula mvuke uliotolewa na kuni kwa joto la mwali uliotangulia. Kila mwali unaupikia mwali unaoufuata chakula chake, na ukikosa kupika mara moja tu, mlolongo wote umekatika.

Mwanafalsafa Heraclitus wa Efeso hakuwa na maabara, lakini kama miaka 500 kabla ya Kristo alisema kwamba ulimwengu ni moto ulio hai daima, unaowaka kwa vipimo na kuzimika kwa vipimo. Watu humnukuu kwa ule moto wakasahau vile vipimo. Mimi naona vipimo ndivyo vyenye uzito. Anayesema dunia inawaka hajasema kitu kigeni. Anayesema inawaka kwa kiasi, huyo amewahi kukaa mekoni.

Wahindi wa kale walisema jambo hilo kwa ukali zaidi. Rigveda, mkusanyiko wao wa kale wa tenzi takatifu, inafunguka kwa kumtaja Agni, mungu wa moto, anayebeba sadaka kutoka kwa watu hadi kwa miungu wengine. Wazazi wake ni vijiti viwili vya kupekechea, yaani ulindi na ulimbombo. Na utenzi mmojawapo unalieleza tukio kwa ubaridi wa kutisha: mtoto anazaliwa, na papo hapo anawala wazazi wake. Ukiwahi kuona moto unavyoanza kwa kupekecha, unga mweusi ukifuka, kijicheche kikitokea, kisha vile vijiti vyenyewe vikitupwa ndani kama kuni, utajua mshairi yule hakuwa akibuni.

Huo ndio moto wa dini. Moto wa fasihi nadhani ulianzia mahali pa kawaida zaidi: pale watu walipokaa kuuzunguka baada ya kazi. Mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wake wa mazungumzo ya Waju/'hoansi, jamii ya Wasani wa Namibia na Botswana. Mchana, watu walizungumza kazi, chakula, na sehemu kubwa ilikuwa malalamiko kuhusu wenzao. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Usiku, penye moto, hadithi zilipanda hadi asilimia 81. Watu wale wale. Mchana wanasengenyana, usiku wanasimuliana safari, ndoa, na watu wa mbali wasioonekana. Moto uliwaongezea saa ambazo hazifai kwa kazi yoyote, na saa hizo zisizofaa ndizo zilizozaa masimulizi. Kila anayeandika hadithi leo anaishi katika saa hizo za ziada.

Kwa hiyo si ajabu moto uliingia ndani ya hadithi zenyewe. Ninazozipenda zaidi ni zile ambamo moto unakataa kufanya kazi yake. Musa anakiona kichaka kinawaka na hakiteketei. Katika Kurani, akiwa safarini na watu wake, anauona moto kwa mbali na kuwaambia wangoje: huenda akawaletea kijinga, au akapata pale wa kumwongoza njia. Alikwenda kuomba moto kama msafiri yeyote, akarudi na utume. Ibrahim anatupwa motoni na moto unaamriwa uwe baridi na salama kwake. Salama imetajwa pamoja na baridi, na wafasiri wa Kurani husema lau isingetajwa, baridi yenyewe ingemdhuru. Katika kitabu cha Danieli, tanuri linachochewa mara saba zaidi ya kawaida; Shadraka, Meshaki na Abednego wanatoka, na mwandishi anaorodhesha: nywele hazikuungua, nguo hazikubadilika, wala harufu ya moto haikuwapata. Hiyo harufu ndiyo inayonifanya niamini kwamba msimulizi alijua anachokisema. Nani amewahi kukaa karibu na moto akarudi bila harufu yake?

Kuna na moto wenye kiburi. Iblisi alikataa kumsujudia Adamu kwa hoja kwamba yeye ameumbwa kwa moto na mwenzake kwa udongo. Mfinyanzi angemjibu vizuri: udongo bila moto haushiki maji, na moto bila udongo hauna cha kuacha nyuma ila jivu.

Na Dante, mshairi wa Italia ambaye watu humdhania kuwa bingwa wa moto wa Jehanamu, chini kabisa ya Jehanamu yake hakuweka moto. Aliweka barafu. Shetani amekwama katika ziwa lililoganda, na wasaliti wamegandia humo pamoja naye. Moto mkali kabisa aliuhifadhi kwa ajili ya mlima wa toharani, karibu na kilele, ambako yeye mwenyewe analazimika kupita ndani ya ukuta wa miali, na anasema angetamani kujitupa ndani ya kioo kilichoyeyuka ili apate ubaridi. Kwa Dante, panapowaka bado pana tumaini. Mahali pa kuogopa ni pale ambapo hakuna tena kinachowaka.

Juu ya moto wa mapenzi nitapita haraka, maana umeimbwa hadi umechakaa. Nusu ya mashairi ya mapenzi ni moto wa mabua: kishindo, mwanga, na kabla hujasogeza kiti umeshazimika. Namheshimu mshairi anayeweza kuandika juu ya makaa.

Na feniksi? Ndege anayejichoma akafufuka katika majivu yake anatajwa kila mahali, hasa na watu wanaozindua miradi. Basi ujue kwamba kwa mwanahistoria Mgiriki Herodotus, karne ya 5 kabla ya Kristo, feniksi haungui hata kidogo. Anatoka Arabia kila baada ya miaka 500, amembeba baba yake aliyekufa ndani ya donge la manemane, anampeleka hekalu la jua huko Misri. Ni hadithi ya mazishi. Moto ulitiwa baadaye, enzi za Warumi. Mimi lile toleo la kwanza linanigusa zaidi: ndege anayefinyanga donge, analipima uzito kwa kulibeba kwanza, kisha analitoboa na kumweka baba yake ndani. Ila halivutii kwenye mabango, nakubali.

Sasa niguse moto ambao waandishi wanauogopa. Niliwahi kuchoma barua zangu za zamani ndani ya ndoo ya bati. Nilidhani karatasi inateketea tu, kumbe ina hatua zake. Ukingo unakuwa wa kahawia, kisha mstari mwekundu mwembamba unatembea kuelekea katikati, ukiacha nyuma yake ukurasa mweusi unaojikunja. Na juu ya weusi ule maandishi bado yanasomeka, yaking'aa kijivu, yameiva kuliko yalivyokuwa. Nilisoma tarehe na nusu ya jina langu. Kisha nikapumua, na ukurasa ukavunjika.

Mwandishi Mrusi Gogol alichoma sehemu ya pili ya riwaya yake kubwa, Roho Zilizokufa, usiku mmoja wa Februari 1852, akafa siku chache baadaye. Mwandishi Franz Kafka alimwachia rafiki yake Max Brod agizo kwamba miswada yake ichomwe; Brod akakaidi, na mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya kifo cha Kafka, riwaya ya Kesi ikatoka. Hawa wawili hujadiliwa sana. Kwangu mimi kisa kikubwa ni cha mshairi Mrusi Anna Akhmatova. Miaka ya ukandamizaji wa Stalin, mwanawe akiwa gerezani, Akhmatova aliandika mashairi yake kwenye vipande vya karatasi na kumpa rafiki yake Lydia Chukovskaya ayasome kimya, wakiwa wanazungumza kwa sauti mambo ya hivi hivi kwa ajili ya masikio ya ukutani. Chukovskaya alipokwisha kuyahifadhi moyoni, Akhmatova aliwasha kiberiti na kuichoma karatasi juu ya kisahani cha majivu. Utenzi wake wa Requiem uliishi hivyo, katika vichwa vya marafiki wachache, hadi ulipochapishwa Munich mwaka 1963. Katika nchi yake mwenyewe ilikuwa mwaka 1987. Hapo moto haukuwa adui wa shairi. Ulikuwa mlinzi mwenzake: uliila karatasi ambayo ingewapeleka watu kifungoni, na walioachiwa kazi ya kulea wakalea, kila mmoja akijirudia beti kitandani usiku.

Linganisha na Berlin, tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa Kinazi walipochoma zaidi ya vitabu 20,000 katika uwanja wa mbele ya jumba la opera. Mshairi Heinrich Heine, ambaye vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyochomwa, alikuwa ameshaandika zaidi ya miaka mia moja kabla, katika tamthilia, kwamba wanakochoma vitabu mwishowe watachoma na watu. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu kinachozungumziwa katika onyesho lile ni Kurani, iliyochomwa Granada baada ya Waislamu wa Andalusia kushindwa. Leo chini ya uwanja ule, ukitazama kupitia kioo kilichowekwa ardhini, unaona chumba cheupe chenye rafu tupu zinazotosha vitabu 20,000. Aliyeubuni ukumbusho huo, Micha Ullman, hakuweka mwali wowote. Alifanya vizuri.

Mtu anaweza kusema basi dawa ni kuuzima moto kila unapoonekana. Jambo hilo lilijaribiwa kwa dhati. Mwaka 1935 idara ya misitu ya Marekani iliweka kanuni kwamba kila moto wa msituni uwe umezimwa ifikapo saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kwa miongo kadhaa walifanikiwa. Majani makavu yakarundikana, vichaka vikajaa chini ya miti mikubwa, na ilipowaka, iliwaka hadi vileleni. Jambo jingine likaonekana kwenye misitu ya miti mikubwa ya sequoia: miche ilikuwa haba. Koni za mti huo hufunguka vizuri zikipata joto la moto, na mbegu zake zinataka udongo uliofagiliwa na moto. Kuna na aina ya msonobari ambao koni zake zimezibwa kwa utomvu. Bila moto wa kuuyeyusha, mbegu zinakaa ndani miaka na miaka. Kanuni ile iliachwa mwaka 1978, na siku hizi wenye misitu huwasha moto wenyewe, mdogo, wenye mipaka, siku isiyo na upepo mkali. Wenyeji wa Australia walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani za kale. Wazimamoto nao huwasha moto mbele ya moto, ili ule mkubwa ukifika ukute jivu tupu. Waliosema dawa ya moto ni moto huenda walikuwa wakitoa maelekezo ya kazi, sisi tukaigeuza methali ya visasi.

Nimalizie na kisa kimoja cha karne iliyopita, maana walinzi wa moto bado wapo na wana vituko vyao. Mwenge wa Olimpiki unawashwa kwa kioo na jua huko Olympia, kisha unapokezanwa hadi mji wa mashindano. Watu hudhani ni desturi ya Wagiriki wa kale. Mbio hizo za mwenge zilibuniwa kwa ajili ya Berlin 1936, mji ule ule, miaka mitatu baada ya vitabu. Mwaka 1976 zamu ilikuwa ya Montreal, na Wakanada walitaka kuonyesha maendeleo. Huko Athens moto uligeuzwa kuwa mawimbi ya umeme, ukarushwa kwa setilaiti hadi Ottawa, na huko mwali wa leza ukawasha mwenge mpya. Kisha, michezo ikiwa inaendelea, mvua ikanyesha na kuuzima ule wa uwanjani. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa karibu akatoa kiberiti chake cha gesi, cha kuwashia sigara, akauwasha. Wakubwa walipopata habari waliuzima upesi, wakauwasha tena kwa moto wa akiba uliotokana na ule wa Olympia.

Nimecheka sana na kisa hiki. Moto uliosafiri angani ukiwa ishara ya redio ulikubalika kuwa halali, na moto wa kiberiti cha sigara ukaitwa haramu, na hakuna chombo duniani kinachoweza kuutofautisha mmoja na mwingine. Hata hivyo nikiulizwa, niko upande wa wakubwa wale. Taa za akiba huzunguka na mwenge kila mahali, na usiku wakimbiaji wanapolala kuna watu wa zamu wanaokesha nazo. Hawa hawapigwi picha na hawana medali. Yule bwana wa kiberiti aliokoa mwanga wa uwanja, na namshukuru, lakini wenye taa walikuwa wameshakesha wiki nzima kwa ajili ya dakika hiyo hiyo, na ingekuwa dharau kuwaambia warudi nyumbani.